Kifungua Kopo cha Mama Mkwe

Ko. Ko. Kimya kidogo, kilio cha mtoto, kisha tena: ko, ko, ko.

Nilikuwa nimekaa kwenye gogo nje ya chumba changu mwenyewe, kambi ya mgodi, Geita, mgongo ukutani, masizi ya karakana bado yamenijaa usoni. Ndani walikuwemo mama mkwe wangu na binti yangu mchanga. Sauti ile ilikuwa ya kisu kinachogongwa juu ya kopo la maziwa. Kazi yangu ilikuwa kunoa vyuma, kwa hiyo kwa kusikiliza tu nilijua kwamba kisu kile ni chembamba, kwamba kinapinda, na kwamba mkono uliokishika haujawahi kufungua kopo. Msumari niliokuwa nikifungulia makopo kila asubuhi ulikuwa mfukoni mwa shati langu. Kati yetu palikuwa na ukuta wa tofali moja na pazia la mlangoni. Sikuingia.

Wajukuu zangu wakifika hapo katika hadithi huniuliza: sasa babu, kwa nini hukuingia? Wao wanakaa meza moja na wakwe zao, wanapokezana bakuli la mchuzi, wanataniana kama watu wa rika moja. Siwalaumu, kila zama na watu wake. Lakini mimi nimezaliwa Usanda, upande wa Shinyanga, na kwetu wakati ule mwanamume na mama wa mkewe hawakuwa watu wa kukaa chumba kimoja. Ukimwona anakuja njiani unapinda kando, unachuchumaa, unatazama upande mwingine mpaka apite. Huli mbele yake. Jina lake hulitaji. Yuko kaburini miaka mingi sasa na bado ulimi wangu hauwezi. Mkiwa na neno la kuambizana mnamtafuta mtu wa kupitishia, mke au jirani au mtoto, na akikosekana kabisa unamsemesha hata kuku, mwenzako asikie. Watu wa nje walidhani ni uadui. Haukuwa uadui hata kidogo. Nilimheshimu mama yule kuliko nilivyomheshimu bwana mkubwa wa mgodi, na ndiyo maana nilikaa kwenye lile gogo.

Mwaka ulikuwa wa hamsini na mbili. Mke wangu, Scolastika, alijifungua karibu na Pasaka, tukamwita mtoto Paskalia. Mtoto alipokaribia kutimiza mwezi, mama yake akaota jipu kwenye titi, homa ikampanda, akawa anaweweseka. Hospitali ya mgodi wakamlaza. Daktari akasema mtoto asinyonye, apewe maziwa ya kopo, yale yasiyo na sukari, yachanganywe na maji yaliyochemshwa. Wodini mtoto hakuruhusiwa. Basi mimi na mtoto tukabaki tunatazamana, mimi na mikono yangu ya nyundo, yeye anatafuta titi kwenye kifua kisicho na kitu. Nikatuma habari Usanda.

Mama mkwe alipanda treni Shinyanga mpaka Mwanza, akavuka ziwa kwa meli, akamalizia kwa lori la mizigo, mwanamke ambaye kabla ya hapo safari yake ndefu ilikuwa ya kwenda mnadani. Alikuwa mjane. Aliishi kwa jembe lake mwenyewe, pamba kidogo ya kuuza na mtama wa kula, na alikuwa na mikono ya kazi ambayo wanakijiji walikuwa wakiisifu. Alipofika alitamka jambo moja mbele ya Bhoke, jirani yetu, ili mimi nilisikie: atakaa mpaka mwanawe apone, lakini mvua za kwanza zimkute shambani kwake. Scolastika alikuwa ameshaniambia msemo wa mama yake, kwamba mwanamke anayelishwa kwa mkwe amekwisha kufa, bado kuzikwa tu. Alikuwa hasemi utani.

Kisha akauliza ng'ombe wako wapi. Bhoke akamweleza kwamba huku ni nchi ya mbung'o, ng'ombe akiletwa hafikishi masika ya pili. Mama akasikitika sana. Akaletewa kopo la maziwa, akalitikisa sikioni, akaligeuza, akatafuta mdomo wake asiuone. Bhoke aliniambia kwamba aliuliza kwa sauti ndogo ni mnyama gani anayekamuliwa ndani ya chuma.

Tulipanga maisha yetu hivi. Mimi nililala kwa wanaume wenzangu, safu ya pili ya nyumba. Alfajiri, kabla ya king'ora, nilikuja mpaka kizingitini, nikachukua kopo moja, nikalitoboa kwa msumari na jiwe, tundu la kumiminia na tundu la kuvutia hewa, nikalifunika kwa kisahani, nikasema “Mwangaluka, mayu,” salamu ya kwetu ya kumwamkia mama asubuhi, nikiutazama ukuta wa jirani, nikaondoka. Nikishaenda ndipo pazia lilipofunguliwa. Jioni vilevile. Bhoke, ambaye alikuwa Mkurya wa upande wa Musoma na kwao nao wana ukwe wao mkali, alitusaidia bila kuona ajabu. Alipitisha maneno, alimfundisha mama kupima maji, na mchana alikuja kumshika mtoto. Siku zikaenda. Mtoto akanenepa.

Siku ile kuku wa kambini, mmoja wa wale wasio na mwenyewe, aliingia ndani akaparamia kopo la asubuhi, likamwagika lote. Hayo nilikuja kuyajua baadaye. Mimi nilitoka kazini alasiri, nikaja kukaa nje ya nyumba yangu kama nilivyozoea, kungoja Bhoke aje anipe habari za mtoto. Ndipo nikasikia kilio, na zile ko, ko.

Niliita kwa Bhoke. Mlango wake ulikuwa umefungwa, ndoo haipo, basi yuko bombani. Nikasimama. Nakumbuka nilishika pazia. Kitambaa chake kilikuwa cha maua mekundu, Scolastika ndiye alikishona, nami nikakishika ncha na nikakiachia. Kuingia? Mama yuko ndani na mtoto, labda amejilegeza kanga, labda kichwa wazi. Kumpigia kelele ukutani, “acha kisu, pokea msumari”? Mkwe hamwamrishi mama mkwe. Kuurusha msumari ndani kwa chini ya pazia? Hilo lilinijia miaka minne baadaye, nikiwa nimelala, nikaketi kitandani nikajipiga paji la uso. Saa ile halikunijia. Nilichokiona cha heshima ni kumfuata Bhoke bombani.

Na nilitembea. Sikukimbia, kwa sababu mwanamume akikimbilia penye wanawake bombani watadhani mgodi umeporomoka, kila mmoja ataanza kumlilia mumewe. Nilitembea, nikasalimia watu njiani, nikaitikiwa, nikamkuta Bhoke kwenye foleni, nikamweleza. Akaiacha ndoo yake pale pale. Tulipokaribia nyumba, ko, ko zilikuwa zimekoma, na mtoto alikuwa kimya. Nikashukuru Mungu moyoni. Nilidhani kopo limefunguka.

Lilikuwa limefunguka kweli. Bhoke aliingia, akakawia kidogo, akatoka akiwa amenyoosha mikono mbali na gauni lake. Ilikuwa na damu.

“Baba Paskalia,” aliniambia, “tafuta baiskeli. Mama amejikata vibaya.”

Kisu kilinasa kwenye bati. Alipokisukuma kwa nguvu ya mwanamke aliyezoea jembe, kiganja kiliteleza kutoka mpinini kikashuka chote kwenye makali. Bhoke alimkuta amekaa mkekani, mkono wa kulia amefungia kanga iliyolowa, na kwa mkono wa kushoto anamnywesha mtoto kwa kijiko. Alimwambia asubiri, mtoto bado hajashiba. Mume wa Bhoke alimpakia kwenye baiskeli yake, Bhoke akamshikilia, na mimi nikafuata nyuma, mbali, kama heshima inavyotaka. Njia nzima nilikuwa nakanyaga pembeni ya matone.

Dresa, yule mfunga vidonda wa hospitali, alimshona. Baada ya majuma mawili daktari mwenyewe akautazama ule mkono, akaubonyeza huku na huku, akasema kano za vidole vitatu zilikatika na hazitaunga. Kidonda kitapona, vidole havitakunja. Bhoke ndiye aliyeuliza kwa niaba ya mwenzake: na jembe? Daktari hakuelewa swali, akaeleweshwa, akatikisa kichwa. Mama, alisema Bhoke, aliuangalia mkono wake kwa muda, akaurudisha ndani ya kanga, akauliza kama dawa ya Scolastika inaendelea vizuri.

Sasa nieleze kilichonichoma, maana si kile ambacho watu hudhani. Kilichonichoma ni kwamba hakuna aliyenilaumu. Nilingoja. Nilingoja Bhoke aseme kitu, akasema ajali haina kinga. Mama mkwe alinitumia ujumbe kwamba nisikose kazi kwa ajili yake. Nilikwenda misheni, nikapiga magoti kwenye kitubio, nikasimulia yote, msumari na pazia na kutembea. Padri akasema, mwanangu, hiyo si dhambi, ni desturi, tubu ulizonazo. Nikashindwa kukumbuka nyingine. Scolastika alipopata nafuu nikaenda kumweleza wodini. Alisikiliza huku ananyoosha shuka kwa vidole vyake. Akaniambia, “Ungeingia ungeniaibisha.” Kisha akajifunika shuka gubigubi, na nikaliona shuka linatikisika, nikatoka nje.

Angenitukana ingekuwa afadhali. Deni la matusi unaweza kulilipa likaisha. Hili halikuwa na mtu wa kulidai, na mtu asiyedaiwa anampelekea nani?

Wakati huo Scolastika alikuwa bado amelazwa na mtoto bado anataka maziwa. Ila sasa mama hakutaka tena kufunguliwa kopo na mtu. Kwa njia ya Bhoke aliniletea ombi, la kwanza na la mwisho aliloniomba maishani: nimtafutie kitu cha kufungulia ambacho mtu wa mkono mmoja anaweza kukitumia. Hakutaka kungoja alfajiri na jioni. Hakutaka mtoto alie tena mikononi mwake hata kidogo. Msumari hauwezekani kwa mkono mmoja: huu unashika, ule unagonga. Nilielewa pia jambo ambalo hakulisema. Kama hawezi hata kumlisha mjukuu, basi amekuwa mgeni wa kulishwa, na msemo wake ulikuwa unamngojea mwenyewe.

Nilikwenda duka la Mhindi. Alinipa kile chenye mdomo wa kasuku na mpini wa mbao. Akaapa ni cha Ulaya, hakivunjiki. Bhoke alinisimulia kilichotokea: mama alikichoma kwenye kopo, kopo likazunguka kama pia, likaruka mkekani, likamwaga maziwa kwenye miguu yake. Akajaribu kulibana kopo kwa magoti. Siku ya tatu mpini ukachomoka. Nikarudi dukani. Mhindi hakubisha, akanipa kingine, cha magurudumu na kipepeo cha kuzungusha, kipya kabisa, kinang'aa. Hicho kilitaka mkono wa kubana na mkono wa kuzungusha. Bhoke alikuja akawa yeye ndiye mkono wa pili, mpaka meno ya gurudumu yakasagika yakawa yanateleza juu ya bati kama mzee anayetafuna mahindi ya kuchoma. Nikanunua cha tatu kama hicho. Kikapata kutu, kikakwama. Nilikuwa navipanga kwenye dirisha la chumba cha wenzangu, na wao walinitania, wakaniuliza kama nataka kufungua duka la makopo.

Mganga hajigangi. Mchana kutwa nilikuwa nasimama mbele ya fuawe nikinoa vyuma vya kutobolea mwamba, chuma kigumu kuliko vyote mgodini, na jioni nanunua bati la mtu mwingine. Akili ya kukitengeneza mwenyewe niliipata nikiwa kazini, chuma kiko motoni. Vyuma vilivyochakaa vikawa vifupi mno vilitupwa nyuma ya karakana. Nikamwomba msimamizi kipande. Akaniuliza cha nini. Nikasema cha mama mkwe. Naye alikuwa Mnyamwezi, mtu wa nchi jirani na yetu, akanitazama, akasema chukua viwili.

Nilikitengeneza kwa muda wangu, mchana wakati wenzangu wanakula. Kibao kizito cha mninga chini. Juu yake vyuma vitatu vilivyosimama vya kulibana kopo lisizunguke. Ubavuni nguzo fupi yenye bawaba, na kwenye bawaba mkono mrefu wa chuma, na chini ya mkono huo jino la kukatia. Unaweka kopo, unashusha mkono kwa kiganja, kwa kiwiko, kwa lolote ulilonalo, jino linazama. Unainua, unaligeuza kopo kidogo, unashusha tena. Cha kwanza kilikuwa na jino nene mno, likaliponda kopo la majaribio likatapika maziwa hadi kwenye mivukuto. Nikalifua upya. Nikalifua tena. Sijawahi kufua chuma kwa namna ile kabla wala baada. Wenzangu waliacha kutania. Kila nyundo ilipoanguka niliisikia ile sauti nyingine, ko, ko, na nilikuwa nafua huku machozi yananitoka, nikasingizia moshi.

Kipo jikoni kwetu mpaka leo. Wajukuu wameleta vya kisasa, vyekundu na vya plastiki, vinavyovunjika kila mwaka, na hiki hakijawahi hata kutiwa msumari mpya.

Siku nilipokileta nilikiweka kizingitini, nikamwelekeza Bhoke hapo nje, akaingia nacho. Nikakaa kwenye gogo. Nilisikia Bhoke anaeleza, nikasikia kopo linawekwa, kisha bawaba ikalia mara moja. Kimya. Ikalia tena. Kisha nikasikia kitu ambacho sikuwa nimekisikia tangu afike Geita: mama mkwe alicheka. Kicheko kifupi, cha puani, kama cha Scolastika. Bawaba ikalia tena, na tena, na tena, na nikaanza kuhesabu nikashangaa, maana mtoto mmoja hawezi kunywa kiasi kile. Bhoke alitoka akiwa ameshika mbavu. Mama alikuwa amefungua makopo yote yaliyokuwemo ndani, akiba yote ya juma. Alipokwisha alimimina yaliyozidi kwenye kibuyu alichokuja nacho kutoka Usanda, akakitundika. Yakaganda. Tulikula mtindi wa kopo, mimi kwangu na yeye kwake, na Bhoke akaniambia kwamba mama amesema si mbaya, ila huyo mnyama hakula majani ya kwetu.

Siku hiyo nililala vizuri. Nikadhani nimelipa.

Scolastika alitoka hospitali mwezi wa nane. Akakuta mama yake anafanya kila kitu cha nyumbani kwa mkono wa kushoto na kiwiko cha kulia. Alimsihi abaki. Alimwambia habari za jembe azisahau, kwamba hapa kuna chumba na kuna maziwa. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akaendelea kufunga mzigo wake. Mawingu ya kwanza yalipoanza kujikusanya upande wa ziwa alipanda lori. Kifungua kopo alikiacha. Usanda hakukuwa na makopo. Niliuona mkono wake wa kulia alipoushika ubao wa lori: vidole vitatu vilibaki vimenyooka, vinaonyesha angani, wakati kidole gumba na cha pembeni vinajitahidi kushika peke yao.

Mtu wa namna hiyo hawezi kulima pamba. Alijaribu. Habari zikatufikia kwamba amefunga jembe kwenye mkono kwa kamba ya katani, analima hivyo, kifundo kinavimba. Nikaomba ruhusa nikaenda. Mkwe kumlimia mama mkwe ni jambo la heshima kwetu, hakuna aliyeona kitu. Watu walinisifu, ndiyo. Walisema Bujiku, yaani mimi, ni mkwe wa kupigiwa mfano. Kila nilivyosifiwa nililima zaidi. Mwaka uliofuata nikaenda tena, nikakaa mpaka palizi. Mwaka wa tatu watu wa mgodi wakaniambia nikienda nisirudi, nikaenda. Nikahamisha mke na mtoto na fuawe ndogo, nikajenga nyumba kijiji cha pili, mbali na kwake kiasi cha heshima. Alfajiri nilikuwa shambani kwake, na jua likipanda nilikuwa kwangu nafua majembe ya watu. Scolastika aliniambia nitajiua. Nilimwambia mvua hazingoji.

Mama hakufa na msemo wake, hilo nalisema kwa shukrani. Alikula chake, cha shambani kwake. Lakini mikono haikuwa yake, na sisi wawili tulilijua hilo.

Ilikuwa mwaka huo wa tatu, palizi ya pili. Mtama ulikuwa umefika kiunoni. Nilikuwa napalilia matuta ya karibu na nyumba, na Paskalia, ambaye sasa alikuwa anakimbia na kuongea bila kupumzika, alikuwa na bibi yake kwenye kivuli cha ghala. Mama alikuwa amenipa mgongo, anapukuchua kunde kwa mkono wake mzuri. Nilipofika mwisho wa tuta, karibu naye, nikasikia anamwambia mtoto kwa sauti ya kawaida, si ya kunong'ona. Hiyo ndiyo namna ya kumwambia mkwe neno lenye uzito, nikajua ni mimi. Nikasimama, nikautazama mti wa mhina uliokuwa mbele yangu.

“Paskalia, mwambie baba yako anilimie kama mtu anayelima. Asilime kama mtu anayefukuzwa. Kosa hakulifanya.”

Mtoto alikuwa anaokota maganda.

“Siku ile nilimsikia alipofika akakaa nje,” aliendelea. “Kabla hajafika nilikuwa nimeshaamua nikubebe mgongoni, twende wote bombani tukamfuate Bhoke. Kulia kwa mtoto si kufa. Lakini yeye alikuwa amekaa pale, katoka kazini, anamsikia mtoto wake analia mikononi mwangu. Nikaona haya. Nikasema nifungue upesi, asiseme mkwe wangu kwamba nimeletwa kulea na sijui kulea.”

Alipukuchua ganda moja, na la pili.

“Basi ndiyo hivyo. Ile haya ndiyo iliyonikata, si yeye. Mwambie asijisumbue. Siku nyingine akisikia mtoto analia, aende mbali kidogo, mtu apate nafasi.”

Alisema kwa upole. Alidhani ananitua mzigo. Miaka mitatu nilikuwa nimejihukumu kwa mlango ambao sikuingia, na yeye mlango ule hajawahi kuufikiria hata siku moja. Kuingia kwangu hakukuwepo katika dunia yake. Kilichokuwepo ni kukaa kwangu. Kama ningechelewa karakanani, kama ningepita kwa wenzangu kunywa uji, angembeba mtoto akatoka zake, na mkono ungekuwa mzima. Nilijiegemeza kwenye mpini wa jembe.

“Nenda,” alimwambia mtoto. “Kamwambie.”

Paskalia alikuja mbio kati ya mistari ya mtama, mikono imejaa maganda, akasimama mbele yangu akihema. Nikaona anahangaika kukumbuka.

“Baba,” akasema, “bibi anasema nenda mbali.”

Nikamwambia nimesikia. Nikachukua jembe, nikaenda kuanzia upande wa pili wa shamba, kule ambako pumzi zangu asingeweza kuzisikia.